Breki ya Mkono

Lori limepita mbele ya duka langu likinuka breki zilizoungua. Nimefunga mlango na bado ni mchana.

Siku ile tulikuwa tunampeleka mama hospitali, kutoka Kilosa kwenda Mikumi, kwa pikapu ya mtumba ya baba mdogo, aliyokuwa bado anaizoea. Mama alilazwa nyuma kwenye godoro, bibi akimshika kichwa. Mimi nilikaa mbele. Nilimwona baba mdogo akiondoa gari bila kuachia breki ya mkono. Kwetu mtoto hamkosoi mkubwa. Nikanyamaza.

Harufu ilipozidi alisimama juani, akafunua boneti. Akavuta waya mmoja mmoja, akanusa betri, akatambaa uvunguni.

“Bado, mwanangu?” bibi aliuliza.

“Bado kidogo, mama.”

Mwishowe aligusa rimu ya nyuma, ikamuunguza vidole. Ndipo alipokumbuka. Akaiachia ile breki, akachukua dumu la maji ya mama ya kunywa, akaanza kulimwagia gurudumu lipoe haraka. Akasita.

“Nimbakizie?”

Bibi alikuwa ameshavua kanga yake ya begani, anamfunika mama uso.

“Mwaga yote, mwanangu. Hana kiu tena.”