Nilimwombea Mume Wangu Aache Magari ya Mbio

Sina wa kumlaumu. Nimemtafuta sana. Nimempitia mchungaji, nimewapitia mashemeji, nimewapitia hata wazungu wenye uwanja wa mbio, nikarudi palepale. Ni mimi niliyemsema mume wangu mbele ya waumini wa miji mitatu, nikaomba afunguliwe kutoka kwenye kitu pekee kilichokuwa kinampumzisha.

Jina langu sitalitaja. Wa mji huu wa Buffalo, hapa Amerika, mtanijua tu, maana umbea mnauwahi kuliko ibada.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Mume wangu ni Mkongo wa Kivu. Tulipoletwa Amerika tulifikia Louisville, na huko ndiko alikokutana na magari ya mbio. Kwa asiyeyajua, ni magari ya umbo la kawaida, kama haya tunayoendea kazini, ila yametolewa viti na vioo, yakawekwa vyuma ndani na injini ya kupasua masikio. Yanazunguka kiwanja cha duara, yanagongana, yanazunguka tena. Basi, ndiyo hayo.

Mzee mmoja mzungu aliyefanya naye kazi kwenye ghala alimkaribisha Jumamosi moja. Mume wangu alirudi hasikii vizuri, nguo zinanuka mpira ulioungua, anacheka peke yake jikoni. Nikamwuliza kinachomchekesha ni nini.

"Bon, hakuna kitu," akasema. "Ni magari tu."

Watu wa kanisani walimcheka. Mwanamume mzima, baba wa watoto, anakwenda kukodolea macho magari yaliyobonyea. Yeye akawa anakwenda na yule mzee wake, hana habari nao.

Halafu msimamizi wa zamu pale ghalani, kijana wa hapohapo Louisville, akaingiza gari lake kwenye mbio hizo, akaanza kushinda. Wanaume wetu wengi walikuwa chini yake kazini. Wiki hiyo hiyo wakagundua kwamba wanapenda magari tangu utoto. Mashemeji zangu wa kanisani waliokuwa wanamcheka mume wangu wakawa wanampigia simu Ijumaa kuomba lifti. Wanaume wa kwaya wote wakahamia uwanjani.

Sisi akina mama hatukubaki nyuma. Tulishona sare. Ndiyo, kitenge cha sare kama cha harusi, kwa ajili ya magari! Tulichagua bluu na njano, rangi za gari la msimamizi. Nilishona gauni langu na shati la mume wangu. Tukabeba sombe, yaani kisamvu, samaki na ugali uliofungwa kwenye foili, tukajaa jukwaani, tukapiga vigelegele mpaka wazungu wakageuka kutupiga picha.

Na mimi nilivimba kichwa. Nilikuwa mke wa mwanzilishi. Nilikaa mstari wa mbele nikawaeleza wenzangu nani anaongoza, na Mungu ananijua, sikuwa najua nani anaongoza. Yanazunguka yote pamoja, utajuaje?

Msimu uliofuata msimamizi akashindwa. Akashindwa tena na tena. Mwishowe injini ikaungua, akaliuza gari, akabaki kuwasimamia wanaume wetu ghalani tu.

Mapenzi yakaishia hapo. Shemeji mmoja akasema magari ni mambo ya wazungu. Mwingine akasema kelele zinampandisha presha. Mwingine, huyu simsahau, akasema wamebadilisha sheria, mbio za zamani ndizo zilikuwa mbio. Zamani ipi? Alikuwa ameingia uwanjani mwaka uliopita. Walipenda kushinda, wakadhani wanapenda magari.

Hata wenyeji walikuwa wanapungua. Yule mzee wa ghalani alimwambia mume wangu kwamba zamani ukichelewa unasimama, siku hizi unaweza kujilaza kwenye benchi. Mashabiki wa zamani walilaumu kiingilio, walilaumu simu, walilaumu madereva maarufu wa kwenye televisheni kwa kustaafu, walilaumu vijana wasiojua hata kufungua boneti. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na kila mtu aliitoa akiwa amekaa kwenye kochi nyumbani kwake.

Mume wangu hakuwa na sababu. Aliendelea kwenda. Mimi niliacha, na sare yangu nikaifanya kitambaa cha kufutia meza.

Baadaye tulihamia Buffalo, kwa sababu dada yake alikuwa huko na kiwanda kilikuwa kinaajiri. Tukapata nyumba Cheektowaga, upande wa uwanja wa ndege. Nilidhani magari yameishia Louisville. Wapi! Haukupita mwezi, mume wangu akawa amegundua kiwanja kingine huko mashambani, cha udongo mtupu, hakina hata lami. Kila Jumamosi ya kiangazi anavaa lile shati la kitenge cha bluu na njano, anaondoka. Peke yake, katikati ya wazee wa kizungu walioleta viti vyao kutoka nyumbani.

Nilimwonea aibu. Naandika hivyo hivyo, sipambi. Akina mama wa kanisa la hapa wakiniuliza, "Mama Neema, baba yuko wapi leo?" nilikuwa nasema yuko kazini. Siku moja mmoja wao akanijibu mbele ya wenzake, "Kazi ya kuangalia vumbi?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe. Tuna maombi ya simu kila Jumamosi asubuhi. Anayaongoza mchungaji wetu mmoja wa Columbus, anayekaa kitongoji cha Gahanna. Unapiga namba, unaingia, na Louisville, Columbus na Buffalo wote wanasikilizana. Asiyesema anazima sauti. Mwenye ushuhuda anatoa, mwenye ombi anataja, halafu wote tunaomba.

Jumamosi hiyo akaingia shemeji wa Louisville, yuleyule wa sheria zimebadilishwa. Akatoa ushuhuda. Akasema Bwana amemfungua kutoka kwenye kifungo cha magari ya mbio. Kifungo! Mtu aliacha kwa sababu msimamizi wake hashindi tena, leo ni ushuhuda. Watu wakasema haleluya, na mchungaji akauliza kama kuna mwingine mwenye mzigo kama huo nyumbani kwake.

Nikawasha sauti. Nikasema mimi ni dada mmoja wa Buffalo, sikutaja jina, kana kwamba sauti yangu ni ngeni kwa watu niliopika nao Louisville. Nikasema mume wangu ameshikwa, wenzake wote wameacha, yeye kila Jumamosi anakwenda kukaa na watu asiowajua, amevaa shati la kuchekesha. Nikaomba Mungu amtoe.

Mchungaji akaomba kwa nguvu. Akakemea roho ya magari, akaamuru injini hiyo izimike. Waliopaza sauti kuliko wote ni mashemeji wa Louisville. Walewale waliomwomba lifti. Walewale waliokula samaki wangu jukwaani na kulamba vidole.

Wakati huohuo nikaona dirishani gari la mume wangu linaingia uani, anatoka zamu ya usiku. Hakushuka. Alikaa ndani mpaka maombi yakaisha. Nikajisemea amechoka, masikini.

Akaingia, akavua viatu, akakaa kwenye meza ya jikoni na simu mkononi.

"Mama Neema," akasema, "hata miye nilisema amina."

Sikuelewa. Akaniwekea simu mezani, na namba ya maombi ilikuwa bado iko juu kwenye kioo. Kumbe kila Jumamosi akitoka kazini alikuwa anaingia kwenye maombi yale, anazima sauti, anasikiliza njia nzima akiendesha. Mimi nilikuwa nawaambia watu kwamba mume wangu hana muda wa maombi.

"Juu ya nini haukuniambia miye kwanza?" akauliza.

Hapo ndipo ningepiga magoti. Badala yake nilikuja juu. Nilimwambia amenidhalilisha, mtu mzima na shati kama bendera. Nikamwambia aniambie basi, leo leo, kuna nini cha maana kwenye yale mabati.

Akanieleza taratibu, wala hakunitazama.

"Kwetu, ukisikia motere ya gari usiku ni maaskari. Unakamata watoto, unakimbia. Donc, kila motere ni kukimbia. Pale kwenye mbio, ile magari inapiga makelele yote, inazunguka, inarudi fasi moja, palepale. Hakuna mutu anakimbia. Watu wanakula tu viazi. Miye nakaaka pale, roho inatulia."

Tumeishi pamoja miaka yote hiyo. Nimezaa naye watoto. Nilikuwa sijawahi kumwuliza.

Unadhani nilijirudi? Nilisema, "Sawa," nikaenda kufua. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyekosea na hataki kukosea.

Mume wangu hakwenda tena uwanjani. Jumamosi iliyofuata aliomba zamu ya ziada kiwandani, na nyingine hivyo hivyo. Shati sikuliona tena. Kwenye maombi ya simu hakuingia tena. Nyumbani alikuwa anakula, anashukuru, anakwenda kulala. Hakunigombeza hata siku moja, na afadhali angenigombeza.

Akina mama wakaanza kunipongeza. "Mungu ni mwema, baba amefunguliwa." Mchungaji wa Columbus akanipigia simu, akasema ushuhuda huo usikae bure. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikautoa. Nilijua ninachokijua, nimekisikia jikoni kwangu kwa masikio yangu, bado niliingia kwenye simu nikasema Bwana ametenda, nikapokea haleluya za miji mitatu. Zilikuwa tamu, siwafichi.

Aliyenizindua ni binti yetu Neema. Nilimwuliza siku moja kwa nini haongei na mimi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba baba alikuwa anacheka siku moja tu kwa wiki, na mimi nimeiombea siku hiyo ikafa. Akafunga mlango wa chumba chake. Nilisimama kwenye korido nikalia kama mtoto.

Nikaamua kutengeneza. Kiangazi kilikuwa kimerudi. Nilimbembeleza mume wangu aache zamu ya Jumamosi moja tu, sikumwambia sababu. Nikapika sombe, nikakaanga samaki, nikaweka na sambusa. Nikamwambia panda gari, leo naendesha mimi.

Tulipoiacha barabara kubwa na kuanza kupita mashamba ya mahindi, akajua. Alikaa vizuri kwenye kiti. Akafungua dirisha, akatega sikio. Nilimwona anatafuta ule mngurumo, na mimi nikautafuta naye kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Tukafika. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Majani yameota mpaka kwenye njia ya magari, jukwaa limeng'olewa mbao nusu, na kwenye waya wameweka tangazo kwamba kiwanja kinauzwa, kinafaa kujengwa maghala.

Jirani mmoja mzungu alikuwa anakata majani yake ng'ambo ya barabara. Akazima mashine, akaja. Akasema wamefunga tangu mwaka jana mwishoni, watu walikuwa wameisha. Akasema mwenye uwanja alikuwa anasema watazamaji wakipungua hata kidogo tena hawezi kufungua, na wakapungua. Halafu akamtazama mume wangu vizuri, akamwuliza, "Wewe si yule wa shati la bluu? Tuliulizana sana umekwenda wapi."

Mume wangu akamshukuru. Alisimama pale getini ameshika waya kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nyuma yake na sufuria ya sombe, sijui niiweke wapi.

"Mulisali muzuri," akasema. "Mungu alisikia."

Hakusema kwa hasira. Akaniomba funguo, akaendesha yeye mpaka nyumbani, na hakuna aliyegusa chakula.

Tangu hapo tunaishi kama wapangaji wanaoheshimiana. Nimemwomba msamaha, akasema ameshasamehe, akauliza kama kuna chumvi. Jumamosi yuko kiwandani. Nimetafuta kiwanja kingine, nimepata kimoja mbali sana, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama kwa adabu, akanirudishia simu yangu.

Ninyi mashemeji wa Louisville, nasikia sasa mmehamia kwenye ndondi. Hongereni, mtatoa ushuhuda mwakani. Mchungaji wa Columbus naye simchukii, aliombea alichopewa. Aliyempa ni mimi.

Kwa wewe dada unayesoma huku mumeo yuko mahali unapopaonea aibu, nakwambia, panda gari umfuate. Kaa pembeni yake hata kama huelewi kinachozunguka, mpe sahani yake, funga mdomo. Kama ni lazima uulize, mwulize yeye, kabla hujawauliza watu wa simu.

Na mliokwisha kunijua sauti, naomba kitu kimoja. Jumamosi msinitaje kwenye maombi. Niacheni nibaki na kosa langu hapa Cheektowaga, kuna mtu mmoja tu ninayetaka aseme nami, naye hayuko kwenye simu yenu.