Chebet Amepata Sufuri kwa Kuona Kahawia

Walimu wenzangu, nimebandika hii hapa staffroom kwa hasira, na siitoi.

Leo Chebet wa Form Four amepewa sufuri kwa praktikali ya kemia. Kosa lake ni kuandika kile aliona.

Mkuu wetu wa sayansi alitengeneza maji ya chuma (II) Ijumaa. Yalikuwa kijani hafifu. Akaacha chupa bila kifuniko mpaka leo Jumatatu.

Chuma (II) ikikaa kwa hewa inageuka chuma (III), na hiyo ni kahawia. Yeye mwenyewe ndiye anafundisha hivyo!

Chebet akatia hidroksidi ya sodiamu, ile dawa ya kupima chuma, akaona kahawia, akaandika chuma (III).

Wenzake waliona kahawia hiyo hiyo, wakasoma lebo ya chuma (II), wakaandika "kijani". Wamepata alama zote.

Nikamwendea mkuu. Akaniambia, "Mwalimu, chupa imeandikwa mbili."

Ati imeandikwa!

Na huyu mkuu ni mkulima wa chai, jamani. Juzi karani wa kituo cha kununua chai alikataa majani yake kwa sababu yalilala kwa gunia yakawa kahawia. Mbona hakumwambia karani, "Lakini nilichuma yakiwa kijani"?

Chebet amenifuata mpaka mlangoni. Hakulia. Ameuliza tu, "Mwalimu, mtihani wa mwisho ukifika, niandike ninachoona ama kile chupa inasema?"

Swali lake nimelileta hapa.

Wewe unayesoma hii ukingoja chai, chukua biro. Mjibu hapa chini.