Tata Wangari na Meza Isiyotishika

Nakumbuka siku moja, Jumamosi mchana, nilipoandamana na Tata Wangari kwenda kasino ya Ruiru kwa mashindano ya poka. Tata, dada mdogo wa mama, alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, akikaa Membley. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka kwetu Ngoingwa nimejipamba kama naenda harusi. Usicheke, mwanangu.

Kwake tulicheza poka kwa maharagwe kila Jumapili baada ya kanisa, na hakuna aliyemweza. Akiwa na karata mbovu kabisa, angesukuma rundo la maharagwe katikati, akutazame kama mwalimu anayengoja kazi ya nyumbani, na wewe ungejitoa mwenyewe. Mshindi wa mashindano yale ya kasino angepelekwa kucheza Mombasa. Tata alikuwa amefundisha watoto habari za bahari miaka yote hiyo bila kuiona kwa macho yake. Alikuwa akiitaka sana ile safari.

Basi alianza kuwatisha wanaume aliowakuta mezani vilevile alivyotutisha sisi. Hawakutishika! Akiongeza dau, wanafuata. Akiongeza tena, wanafuata wakitafuna njugu. Kete zake za kuwekea dau zikapungua, na mmoja akaanza kumwita "mwalimu wetu" kwa dhihaka.

Wakati wa mapumziko nikamwambia, "Tata, watishe zaidi. Sukuma kete zote mara moja, watajitoa tu."

"Wee Wanja," akasema, "darasa la kwanza na la nane unaweza kuwafundisha namna moja? Nyinyi mnanijua, ndiyo maana mnaniogopa. Hawa wamefunga safari kuja kucheza, si kujitoa. Mtu anayependa kununua usimfukuze dukani. Muuzie, lakini uwe na kitu cha kuuza."

Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Aliporudi mezani alitupa karata mbovu na kujitoa mzunguko baada ya mzunguko, hata mimi nikachoka kumtazama. Alipopata nzuri, aliweka dau kubwa kuliko lolote alilowahi kuweka nyumbani, nao wakafuata kama kawaida yao. Kete zikaanza kurudi. Wachezaji wakaondoka mmoja mmoja.

Halafu akapata wafalme watatu, wawili mkononi na mmoja kati ya karata za katikati zinazotumiwa na wote. Mbele yake walibaki mzee mmoja mwenye kofia na vijana wawili. Tata akaweka dau, vijana wakajitoa, na yule mzee, ambaye mchana kutwa alikuwa akifuata tu bila kuongeza, akasukuma kete zake zote. Nikasema, hapa tumeshinda.

Tata akazitazama karata za katikati, tatu kati yazo zikiwa za maua. Akamtazama mzee.

"Mzee wangu, leo hujaongeza dau hata mara moja. Sasa umeamka."

Akafunua wafalme wake wawili wa mkononi, akajitoa. Watu wakaguna. Mzee akacheka, akageuza zake. Zote mbili zilikuwa maua, kwa hivyo pamoja na yale ya katikati alikuwa na maua matano, na maua matano yanawashinda wafalme watatu.

"Ngai! Mama, umeniona hadi tumboni," akasema, akasimama kumpa mkono.

Nimeona watu wengi wakishinda, lakini sijaona ushujaa kama ule wa kuweka chini kitu kizuri. Walipobaki wawili, yeye na yule mzee, Tata alipata karata bora, mzee akafuata kwa kete zake zote, na Tata akashinda. Mombasa alitolewa mapema sana. Alinipigia simu akiwa pwani, viatu mkononi, akicheka.

Mwanangu, mbinu iliyokupa ushindi nyumbani huenda isikufae huko ugenini uendako. Ukiketi na watu, wasome kwanza. Asiyetishika usimtishe, na mpole akipaza sauti, msikilize. Ukicheza, cheza kwa kile ulichokubali kukipoteza, na kikiisha, chukua koti lako. Tata hakuwahi kulipa kiingilio cha mashindano yale yale mara mbili.

Mungu akupe macho ya kuwaona watu jinsi walivyo, na moyo usioona haya kubadilika. Enda salama, mtoto wangu.