Jina la Babu wa Kitanda cha Tano

Yule nesi mnayesikia alikimbia hadi stendi ya Mbulu akiita babu za watu ni mimi, na kwa kuwa kila anayekisimulia kile kisa anaongeza chumvi yake, acheni leo niseme mwenyewe, maana aibu ni yangu.

Ilikuwa miaka ile mkoa wa Manyara ungali mpya, fomu zetu za hospitali bado zinasema Arusha, nami nilikuwa mpya kuliko mkoa, najiona nimesoma kuliko daktari. Chuoni walitufundisha jambo moja mpaka likatuchosha: kabla ya kumpa mgonjwa dawa, muulize jina, alitaje mwenyewe. Asubuhi ile wodi ya watoto nililitii vizuri sana, mtoto wa miaka miwili nikamuulizia jina kwa mama yake mara mbili, nikampima uzito bila masweta (na baridi ya Mbulu mnaijua), ndipo nikampa dawa. Kisha nikatumwa wodi ya wazee kumshikia zamu mwenzangu. Sasa mimi nimekulia Tumati, na kwetu binti hamkazii macho mzee mwenye mvi akamuuliza wewe nani, kama polisi. Nikaona heshima inatosha. Faili linasema kitanda cha tano, vidonge viwili vya kutoa maji mwilini, mgonjwa amevimba miguu. Nikaamkia, macho chini.

"Babu, miguu inasumbua?"

"Ee," akajibu. (Niambieni ni babu gani miguu haimsumbui.)

Akameza, akashukuru, nikaondoka nimeridhika na malezi yangu.

Saa moja haijaisha, mzee wa kitanda cha sita, cha dirishani, akaniita akauliza kwa nini leo nimemnyima vidonge vyake vya kukojoa. Nikatazama miguu yake, imevimba. Kumbe alfajiri walibadilishana vitanda ili yeye aote jua. Aliyemeza ni mzee wa Dirma, aliyekuja anaharisha mpaka macho yameingia ndani, tukamjaza maji ya dripu siku mbili, nami nikampa dawa ya kuyatoa. Na kitanda kilikuwa kitupu, ameruhusiwa, ameondoka na mkaza mwanawe kuwahi basi la Hanang. Mzee kama yule akikaukiwa maji njiani anaweza kuzimia, anaweza hata kufa, na nilijua hivyo.

Nikakimbia na sare yangu, kofia mkononi, nikapita katikati ya soko, nikafika basi linanguruma. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba sura yake sikuitazama, jina silijui, na faili lenye jina nimeliacha mezani. Nikaita, "Babu!"

Wazee saba wakageuka. Na kwa kuwa wamegeuka, ikabidi niwaamkie mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, huku nahema, nao wananiuliza habari za nyumbani, dereva anapiga honi. Wa nane akatokea chooni akijifunga shuka, mkaza mwanawe nyuma yake analalamika kwamba hiyo ni mara ya nne na safari haijaanza. Nikamsogelea, nikauliza mbele ya stendi nzima.

"Babu, jina lako nani?"

Mzee akanyoosha mgongo.

"Gidahoda," akasema. "Shikamoo umenipa, dawa umenipa, jina ndiyo unauliza sasa?"

Nikamwambia ile dawa haikuwa yake. Dirishani mwa basi mtu akacheka, wengine wakafuata. Mzee hakucheka wala hakunitukana, alimwambia mkaza mwanawe ashushe mzigo, tukarudi hospitali taratibu, mimi nikibeba kibuyu chake. Basi likaondoka na habari yangu, ikafika Dirma kabla yake.

Siku nzima nilimpima presha na kumnywesha maji ya chumvi na sukari, akapona salama, mimi nikaandika maelezo kurasa tatu. Tangu hapo namuuliza kila mtu. Mwaka jana baba yangu mzazi alilazwa wodini kwangu, nikamwendea na vidonge mkononi, nikaamkia, nikamuuliza jina lake nani. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza, "Mwanangu, na wewe unaumwa?"

Sikumpa mpaka alipolitaja.