Yai la mama mkwe: bibi yangu alivyopona kifua kikuu miaka ya hamsini

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Kazi yangu ni kutunga hadithi, ila hii sijaitunga. Nimeipata kwa bibi yangu pale Ipogolo tukipukuchua mahindi, na tangu siku hiyo inanizunguka kichwani.

Miaka ya hamsini bibi alikuwa mke mchanga, ameolewa Nyololo, kule nyanda za juu kwenye baridi. Ukungu wa kule mnaujua. Akaanza kukohoa. Mvua zikaja, zikaisha, kikohozi kipo. Siku alipotema damu, mumewe akampandisha lori la mbao mpaka hospitali ya misheni.

Kifua kikuu.

Wodini madirisha yalikuwa hayafungwi, baridi inaingia kama mwenye nyumba. Sindano, vidonge vichungu, na kila asubuhi yai la kuchemsha. Nesi aliwaambia dawa inapigana na vijidudu, lakini mwili nao unatakiwa uwe na nguvu za kupigana.

Sasa kisa kipo hapa. Kwao enzi hizo mwanamke hali yai. Ukila, huzai. Na bibi alikuwa bado hajazaa.

Basi yai lake akawa analisogeza kitanda cha jirani, kwa mama mmoja mtu mzima kutoka Mbeya.

"Lete, mwanangu," yule mama alikuwa akisema. "Mimi duka la kuzaa nimefunga zamani."

Mama wa Mbeya akanawiri mashavu. Bibi akabaki mifupa, anachomwa sindano zilezile. Nesi akawa anamtazama tu, haelewi.

Ndipo mama mkwe akaja kumwona. Mama wa kanisani, mkali, mlinzi wa kila mwiko pale nyumbani. Nesi akamwambia wazi: mkweo anadhoofika, sijui kwa nini.

Mama wa Mbeya akashindwa kunyamaza. "Muulize mayai yake anakula nani."

Bibi akavuta blanketi mpaka puani.

Mama mkwe akaomba yai. Akalimenya taratibu, akang'ata nusu, akatafuna, akameza. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kulionja. Nusu iliyobaki akamnyooshea bibi.

"Maiti nayo haizai," akasema. "Kula."

Wakuu, kukataa chakula cha mkono wa mama mkwe kulikuwa mwiko mzito kuliko ule wa yai. Bibi akala huku analia.

Kuanzia hapo akala la kila siku. Nyama ikarudi mwilini, homa ikakata, akarudi Nyololo.

Nikamuuliza rafiki yangu daktari huko Mbeya: kilichomponya ni dawa au yai? Akacheka. Bila dawa, yai peke yake lisingefua dafu. Ila mwili wenye njaa ni ngome isiyo na askari. Tena kuna watu vijidudu hivyo vimelala vifuani mwao miaka na miaka, kinga ya mwili ndiyo imevifungia mlango.

Toka hapo nikikohoa najiuliza nani yuko zamu humo ndani.

Nilichojifunza: ukiandikiwa dawa, maliza dozi. Na ukienda kumwona mgonjwa, angalia sahani yake inaishia kwa nani.

Nilimuuliza bibi kama lile yai lilikuwa tamu.

"Sikumbuki," akasema. "Nakumbuka mkono wake ulikuwa unatetemeka."

Mwaka uliofuata akamzaa mama yangu. Akampa jina la mama mkwe.

Kwenu wanawake walikatazwa kula nini, na nani alithubutu kuwa wa kwanza? Karibuni, nasoma zote.