Mwanasiti na Panja za Asiya

Mimi nilikimbia mtaa wetu wa Mutakura, Bujumbura, vita vilipofika, na nusu kichwa. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimefumuliwa na kusimama wima, upande wa kushoto rasta za miezi miwili zilikuwa bado zimo, na kwa sura hiyo niliingia mtaa wa Buyenzi na mwanangu Bonfils mgongoni. Watu walikuwa na shida zao, lakini nafasi ya kucheka waliipata. Mwanasiti msusi hakucheka. Aliniketisha kwenye kigoda nje ya mlango wake, akamaliza kufumua, akasuka kichwa kizima, ndipo akaniuliza jina. Jioni ile alinitafutia chumba katika ua wake.

Alikuwa mzaliwa wa Buyenzi, na mama yake pia, Waislamu wa mji tangu zamani. Mume wake alikuwa mpakuaji bandarini. Siku moja alipanda meli ya mizigo kwenda Kigoma, akaoa huko, akamwachia watoto, akasahau njia ya kurudi. Mwanasiti alilisimulia hilo bila machozi, kama mtu anayeeleza kwa nini mvua ilimchelewesha.

Vita ndivyo vilivyompa jina. Kabla ya vita alikuwa msusi kama wasusi wengine. Lakini ilipofika miaka ile ya kulala na viatu miguuni, wanawake walitaka nywele za kukimbia nazo, zisizofumuka ukilala kanisani, msikitini au porini. Mwanasiti alijua kukaza. Akishakusuka, siku mbili huwezi kukunja uso, na ukicheka unaumia kisogoni. Tulimeza aspirini na kumsifu. Walikuja kwake kutoka Bwiza, hata kutoka Gihosha juu, wake za wakubwa.

Na hakuna aliyefumua kwa wakati. Kufumua rasta ndogondogo ni kazi ya siku nzima, na habari za watu kama mimi zilikuwa zimeenea: hakuna aliyetaka risasi zimkute nusu. Basi rasta za wiki sita zikakaa miezi minne. Tuliogopa kuchekwa kuliko tulivyoogopa kufa, na sioni haya kulisema, kwa kuwa nami nilikuwamo.

Asiya alikuja asubuhi moja mwezi wa kumi, mwaka tisini na saba. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, jirani yetu wa ua wa pili, muuza vitenge sokoni, mchumba wa Khaled, fundi wa magari. Mkononi alishika karatasi ya daftari iliyokunjwa. Aliifungua juu ya kigoda. Ndani mlikuwa na rasta tano nzima, kazi ya Mwanasiti mwenyewe, zilizong'oka na mizizi yake.

"Zimetoka zenyewe," alisema. "Mi sikuvuta. Nimeamka, ziko kwenye mto."

Akavua kitambaa. Panja zote mbili zilikuwa zimebaki ngozi inayong'aa, upana wa vidole viwili kila upande. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nilikiweka chini.

Hofu yake niliijua kabla hajaisema. Wakati ule mtu akikonda kidogo au nywele zikipungua, mtaa ulikuwa umeshampa SIDA, ukimwi, na jina lenyewe hawalitaji, wanasema tu "ule ugonjwa" na kuvuta midomo. Na kwao Khaled wana desturi yao: siku tatu kabla ya ndoa, shangazi wa bwana harusi huja na chupa ya mafuta, bibi harusi huketi mkekani kichwa wazi mbele ya wanawake wa pande zote mbili, na shangazi hupitisha mikono yake kwenye nywele zake zote. Asipompaka, ndoa haipo. Ndoa ilikuwa imepangwa baada ya Idi. Miezi minne ilibaki.

"Shangazi Saliha akiona hivi nimekwisha," Asiya alisema.

Mwanasiti alinawa mikono, akamgeuza kichwa juani, akaanza kupekua kwa mkia wa chanuo, mstari mmoja baada ya mwingine. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe akasema, "Ule ugonjwa unapunguza kichwa kizima. Wewe katikati ni musitu. Zimeisha pembeni tu, na kuna vinywele vidogo vinataka kutoka. Tutavilea."

"Na nini imezimaliza?"

"Sabuni," alisema Mwanasiti. "Embargo hii, majirani wametufungia mipaka. Sabuni zinazoingia sasa ni mbaya."

Nilimtazama. Hakunitazama.

Siku ile ile alimpangia utaratibu, naye Asiya aliushika kuliko watu wanavyoshika dawa ya malaria. Rasta zote zitoke, na asisukwe tena mpaka ndoa. Nywele zisokotwe mbilimbili, kwa ulegevu, na za panjani zisiguswe kabisa. Sabuni isipakwe kichwani moja kwa moja. Iyeyushwe kwanza katika maji ya vuguvugu, mara moja kwa wiki. Mafuta ya mise, yale ya mbegu za mchikichi, tone moja kwa kila kidole asubuhi, kwenye ngozi ya panja, bila kusugua. Chanuo la mbao lenye meno mapana, kuanzia nchani. Na kitambaa cha pamba alichokuwa akifunga kwa nguvu alimnyang'anya, akampa kingine cha hariri kilichochakaa, kilichokuwa cha marehemu mama yake Mwanasiti.

Ila mwanzoni Asiya aligoma kufumuliwa. Alisema wakipiga risasi mchana atakimbilia wapi vile. Hapo Mwanasiti alifikiri kidogo, akachora kichwa cha Asiya kwa chanuo katika mafungu manne. "Robo kwa robo," alisema. "Jumatatu mbele kulia, Jumanne mbele kushoto, Jumatano nyuma huku, Alhamisi nyuma huku. Tunafumua na kusokota siku ile ile, na robo moja ikiwa wazi inafichika chini ya kitambaa. Hata wewe, Mama Bonfils, ungepita nayo."

Nilitaka na mimi mafuta yale. Alinikatalia. Mimi nilikuwa na mba, akaniambia nioshe mara mbili kwa wiki na nisipake kitu. "Ya Asiya ni ya Asiya," alisema. "Kila mutu nitamuangalia kivyake."

Jambo lililonikera ni hili. Asubuhi anampaka Asiya mafuta kwa ncha za vidole kama anayempaka mtoto mchanga, mchana anaweka mguu kwenye kigoda na kumkaza mwanamke mwingine mpaka machozi yanamtoka. Wiki ya tatu nilishindwa kunyamaza.

"Dada Mwanasiti, sabuni gani inayokula panja tu na kuacha katikati? Hii si ni kukaza kwako?"

"Kunywa chai yako, Mama Bonfils."

"Nimeuliza."

"Na mi nimejibu. Wanataka kukazwa. Nisipokaza watakwenda kwa mwingine, na watoto wangu watakula nini?"

Nilikunywa chai yangu. Lakini nilikasirika, na nilianza kusuka nywele zangu mwenyewe, vibaya.

Mwezi wa kumi na mbili vinywele vilionekana, vyeusi, vifupi, kama unyoya wa kifaranga. Asiya alikuwa anavitazama kwenye kioo mara kumi kwa siku mpaka Mwanasiti akamfichia kioo. Alfajiri ya Mwaka Mpya tuliamshwa na mizinga kutoka upande wa uwanja wa ndege, nasi tukalala sakafuni mpaka jua likapanda. Kulipotulia, Asiya alibisha hodi. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa zamu ya kuosha na kusokota upya robo ya nyuma. Mwanasiti alimfungulia, akamkalisha sakafuni mbali na dirisha, akaifanya kazi mpaka akaimaliza.

Idi ilipita. Siku ya mafuta tulijaa katika chumba cha mama yake Asiya, wanawake kama ishirini, wengi wao wateja wa Mwanasiti. Panja ya kulia ilikuwa imejaa vizuri. Ya kushoto ilikuwa bado. Nywele zilikuwapo, lakini fupi na chache, na ngozi ilionekana chini yake. Miezi minne haikutosha, na hilo halikuwa kosa la Asiya.

Shangazi Saliha alikuwa mwanamke mrefu, mpole, aliyemzika binti yake mwaka uliotangulia, na sote tulijua kwa ugonjwa gani. Alipiga magoti mkekani, akafungua chupa, akapitisha vidole kulia, akafika kushoto. Vidole vikasimama. Aliinamisha uso karibu kabisa. Kisha akafunga kizibo cha chupa.

"Binti yangu alianza hivi," alisema, kwa sauti ya chini. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anaogopa tu, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulijibu. "Khaled ni mutoto wa ndugu yangu. Mi siwezi."

Asiya hakulia. Alibaki kichwa wazi, mikono mapajani, na mama yake alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilimtafuta Mwanasiti kwa macho. Moyoni nilikuwa nikimwambia aseme, na nilikuwa nimeshakata shauri kwamba asiposema nitasema mimi, ingawa nani angemsikiliza mkimbizi wa Mutakura katika shughuli ya watu.

Mwanasiti alisimama, akapita katikati ya wanawake, akaketi mkekani karibu na Asiya.

"Si ugonjwa, shangazi. Ni mimi. Nilimukaza, akakaa nazo miezi mine, na mi nilijua muda umepita, sikumwambia."

"Unamutetea," alisema Shangazi Saliha. "Wewe ni jirani."

"Apana."

Alipeleka mikono kisogoni, akatoa pini, akavua mtandio. Katika miaka mitatu ya kuishi ua mmoja sikuwahi kuona nywele zake. Alikuwa na rasta nyembamba, safi, za kukazwa, zikianzia katikati ya utosi. Kutoka hapo kwenda mbele na pembeni palikuwa ngozi tupu, laini kama kiganja, isiyo hata na unyoya.

"Za kwangu hazitarudi," alisema. "Nilijisuka mwenyewe. Za huyu mutoto zinarudi, shika, uguse."

Akaushika mkono wa shangazi na kuuweka, kwanza kwenye kichwa chake mwenyewe, halafu kwenye panja ya kushoto ya Asiya. Shangazi Saliha aligusa pale, akarudi kwa Mwanasiti, akagusa tena kwa Asiya. Mwanamke mmoja wa Bwiza alikuwa ameingiza vidole chini ya kitambaa chake mwenyewe, akipapasa.

Shangazi alifungua kizibo. Alimimina mafuta kiganjani, akayapasha kwa kusugua mikono, akaanza na upande wa kushoto.

Ndoa ilifungwa Ijumaa. Jumatatu Mwanasiti alitoa kigoda nje kama kawaida, na mpaka adhuhuri hakuna aliyekuja. Baada ya adhuhuri wakaanza kufika, mmoja mmoja, wakaketi kwenye jamvi kando ya ukuta. Hakuna hata mmoja aliyetaka kusukwa. Walikuja kufumuliwa, na walimwomba aangalie kama bado kuna kitu cha kulea.