Vidonge vya Diwani

Mama yangu, Bi Mwajabu binti Shuaibu, ni mpishi wa shughuli. Hapa Kaole mpaka mjini Bagamoyo, ukisikia harusi au maulidi ambayo watu walikula wakasahau kuagana, ujue mama ndiye aliyekuwa jikoni. Ana miaka sitini na tisa, na sufuria kubwa la pilau bado analikoroga mwenyewe, huku akiwagombeza wanaomenya vitunguu. Hapangiwi, hashauriwi. Ukimwambia jua limechomoza, atakujibu ngoja kwanza nitoke nikalitazame.

Mimi ni Sabiha, kitinda mimba wake. Niliachika mwaka juzi nikarudi nyumbani na cherehani yangu, nikaiweka ukumbini, nikidhani nimekuja kupumzika. Kupumzika! Nikakuta wazee wawili wananingoja, mama na paka.

Paka anaitwa Diwani. Alipewa jina hilo kwa sababu tangu ujana wake alikuwa haonekani mtaani ila penye chakula. Kwa hesabu ya mama alikuwa na miaka kumi na sita, na kwa tabia alikuwa na mia. Alilala juu ya vitambaa vya wateja wangu, akaacha manyoya kwenye magauni ya harusi, na nikimfukuza mama ananiuliza mimi nimefika lini nyumba hii na yeye amefika lini.

Basi asubuhi moja Diwani aliamka haoni. Hivi hivi tu. Jana yake alikuwa juu ya ukuta wa uani anawatukana kunguru, leo anagonga mlango kwa kichwa. Akarudi nyuma, akagonga tena, kisha akatumbukia kwenye karai la maji ya kuoshea vyombo. Macho yalikuwa wazi kabisa, mboni zimetanuka mpaka jicho zima limekuwa jeusi, na analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mama alipitisha kiganja mbele ya uso wake mara mbili. Diwani hakupepesa.

Jirani yetu Esha akaja kwa kelele zile. Kwanza akasema paka kapigwa jicho. Kisha akasema basi mtieni kwenye kiroba, mkamwache soko la samaki, hatakosa utumbo. Mama akamgeukia. "Esha, wewe mguu ulipovimba ukashindwa kutembea, tulikutia kiroba?" Esha akakumbuka ameacha maharage motoni.

Ikabidi mimi, mtu mzima, nimpigie simu bwana mifugo kwa ajili ya paka. Anaitwa Wilbrodi, kijana wa bara, kazi yake ni ng'ombe na mbuzi wa watu wa upande wa Makurunge. Alikuja na pikipiki, mabuti yamejaa tope la zizini, na cheko limembana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mgonjwa huyu hapa, usimcheke."

Akachuchumaa, akamulika macho ya Diwani kwa tochi ya simu. Cheko likamtoka usoni. Akatoka nje akampigia mwalimu wake aliyeko Morogoro, wakaongea kwa muda mrefu, akarudi akasema, "Mama, mimi na mwalimu wangu tunaona huyu paka ana presha."

Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mama hakucheka. Aliuliza, "Ya kupanda au ya kushuka?"

"Ya kupanda. Imepanda kimya kimya mpaka imeharibu nyuma ya macho. Macho hayo hayatarudi tena, nisikudanganye. Lakini asipopata dawa itakwenda kwenye figo na kwenye moyo. Dawa yenyewe ni ile ile ya watu, ila kipande kidogo sana. Sasa sijui kama mtaweza kuipata..."

"Ninazo," mama akasema.

Akaingia chumbani kwake, akatoka na kopo la biskuti, akalifungua mbele yetu. Jamani! Lilikuwa limejaa vidonge vya presha. Pakiti kwa pakiti, hakuna hata kimoja kilichotobolewa. Nilizijua zote, maana mimi ndiye niliyezileta. Kila mwezi napanda bajaji mpaka kliniki mjini, nakaa foleni, nazibeba mpaka nyumbani. Kila asubuhi namuuliza, mama umemeza, ananijibu nimemeza. Na kila akipimwa presha iko juu, muuguzi, Sista Klementina, anashangaa, anaandika dawa upya, mimi namsihi atupe yenye nguvu zaidi. Na mama amekaa pale pale kwenye benchi anatikisa kichwa, anasema dawa za siku hizi hazina nguvu!

"Mama! Hizi ni nini?"

"Dawa."

"Umezimeza lini?"

"Sasa ningezimeza zingekuwa humu?"

Wilbrodi akainama akatazama mabuti yake. Kisha akachukua pakiti moja, akasoma jina na tarehe, akasema ndizo hizi. Kidonge kimoja kigawanywe vipande vinane, paka apewe kipande kimoja kila siku, na asile chumvi. Akapanda pikipiki yake haraka haraka, maana aliona uso wangu.

Nilimuuliza mama kwa nini. Nilimuuliza kwa upole, kisha kwa kelele, kisha kwa upole tena. Mwishowe akasema, "Yule muuguzi aliniambia mwenyewe, hizi ni dawa za maisha, ukianza huachi. Basi mimi sijaanza. Niache nini?"

"Mama, maana yake unazimeza maisha yako yote!"

"Ndiyo hayo ninayosema. Mtu akipewa dawa za maisha ujue maisha yamekwisha. Mpe Diwani, yeye yake yamebaki machache. Mimi bado."

"Sikio la kufa halisikii dawa, mama."

"Hizo labda ni za masikio. Hizi za presha."

Utafanya nini na mtu kama huyo? Kesho yake akaanza uuguzi. Alinunua wembe mpya. Kila baada ya swala ya alfajiri alikaa na kisahani, akakata kidonge nusu, nusu kwa nusu, mpaka akapata kachembe, akakaficha ndani ya samaki aliyemchemshia mbali bila chumvi. Diwani hakukosa dozi hata siku moja. Na akishamlisha, mwenyewe anavuta sahani yake, chai na kipande cha samaki wa ng'onda, chumvi imeganda juu kama chokaa. Nikimtazama ananiambia, "Bwana mifugo kamkataza paka. Mimi hakunikataza."

Nyumba nzima ikawa ya kipofu. Kigoda hakisogezwi, kwa sababu Diwani anajua kilipo. Mlango wa uani hauruhusiwi kufungwa nusu, ama wazi ama umefungwa. Mama alichana mkeka wa zamani, akautandika vipande kutoka pale paka anapolala mpaka kwenye sahani yake, ili miguu yake ijue njia, na mimi nikawa naruka vipande vile kama mtoto anayecheza ukumbini. Akitaka aje, anagonga mwiko kwenye sufuria mara tatu, na paka anafuata sauti, anachepuka, anagonga mguu wa cherehani yangu, anakojoa hapo hapo. Siku ya kwanza nilipiga kelele. Siku ya kumi nilikuwa na dekio tayari chini ya kiti.

Kisha mama akaenda kupika harusi Bagamoyo mjini. Nilikwenda naye kumsaidia. Katikati ya kazi, mwiko mkononi, nikamwona anasimama, anaushika mwiko kwa mikono miwili, anakaa taratibu juu ya gunia la mchele. Uso ulikuwa wa kijivu. Aliwaambia watu ni moshi. Aliniambia mimi ni moshi. Moto ule ulikuwa wa gesi.

Usiku ule sikulala. Alfajiri niliamka kabla yake, nikalichukua kopo la biskuti, nikakaa nalo mapajani. Alipotoka kuswali akanyoosha mkono.

"Lete."

"Kipande cha Diwani utakipata ukishameza chako."

"Sabiha, usinichezee."

"Sichezi."

"Unamnyima dawa kiumbe kipofu?"

"Namnyima."

Akavuta pumzi. "Madrasa ulisoma. Yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, aliishia wapi?"

"Motoni."

"Na wewe je?"

"Tutaonana huko huko, mama, maana dawa ninayo, na anayemzuilia ni wewe!"

Astaghfirullah. Sijawahi kumjibu mama yangu hivyo. Diwani alikuwa ameketi kati yetu, ameelekea ukutani, anadhani anatutazama. Akalia mara moja. Mama akamwangalia, akaniangalia mimi, akanyakua kidonge akakimeza na maji. Kisha akaachama, akainua ulimi. "Haya, afande. Kagua."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Anameza, anaachama, nakagua, ndipo natoa kidonge cha kukata. Hakuna siku aliyonisamehe. Aliwaambia wageni kwamba nyumbani kwake kuna mahabusu. Lakini baada ya mwezi mmoja na nusu tulikwenda kliniki, na presha ilikuwa imeshuka, kwa mara ya kwanza imeshuka, mpaka Sista Klementina akapima mara mbili. Akasema hatimaye tumepata dawa inayokupenda, bibi. Mama akasema, "Naam, hizi nzuri." Nikauma ulimi mpaka nikaonja damu.

Tatizo likawa Diwani. Dawa aliipata, lakini uzee hauna dawa. Akaanza kunywa maji mengi, akakonda, mgongo ukatoka mifupa. Wilbrodi akaja, akambinyabinya tumbo, akaniambia pembeni kwamba figo zimechoka, tumhesabie wiki. Mama alipoambiwa alisema, "Tutaona," akaenda kumchemshia samaki.

Na hapo ndipo mimi nilipochanganyikiwa kweli. Nilianza kumwombea paka umri mrefu. Mimi! Nilikuwa namnywesha supu kwa kijiko, namfuta, nambeba kumpeleka juani, namwambia Diwani, wallahi ukinifia sasa umeniua. Sikuwa na huruma hiyo, ninasema kweli. Nilikuwa naogopa, kwa sababu kamba yangu ya kumvutia mama ilikuwa ni yeye, na siku ikikatika, kopo litarudi chumbani na vidonge vitaanza kujaa upya, na safari nyingine mama hatapata gunia la mchele la kukalia.

Alikufa siku ya Alhamisi, adhuhuri, kichwa kikiwa kwenye kipande cha mkeka, mwili sakafuni. Mama alimfunga kwenye kanga yake, si kanga kuukuu, akamzika nyuma ya jiko. Jioni hakupika.

Kesho yake asubuhi nilikaa pale pale, kopo mapajani. Nimtishie na nini? Mama alimaliza kuswali, akaketi, akatandaza kisahani na wembe kwa mazoea, kisha akaviona alivyovitandaza. Nje Esha alikuwa anafagia.

"Nipe kimoja," akasema.

Nikampa. Akakishika kwa ncha za vidole.

"Mama yangu mimi alipooza kwa presha, akalala upande mmoja miaka minne," akasema. "Mdomo umekwenda huku. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha, na alikuwa akimeza dawa kila siku, hizo hizo. Nikishika kidonge namwona yeye. Ninaogopa, Sabiha."

Miaka thelathini na nane niliyonayo, sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa mama. Nilitaka kumwambia jambo jema, la upole, kama mabinti wa watu. Kilichonitoka ni, "Sasa si ndiyo umeze, mama! Unaogopa moto halafu unamwaga maji?"

Akanikata jicho. Kisha akakitia mdomoni, akanywa chai, akameza. Hakuachama, na mimi sikukagua.

"Na kesho unikumbushe," akasema, akisukuma kisahani kando. "Aliyekuwa akinikumbusha kwa makelele hayupo tena."

Nikasema, "Nitakukumbusha." Nikaenda uani, nikajifanya naanika nguo, nikalia mpaka kanga ikalowa. Ilikuwa hasira tu.